Ngoma na Nota

Mpigangoma wa Bungoma hawezi kuitazama filamu ya Drumline (2002) bila kuguna. Devon, kijana wa Harlem, anaingia bendi ya chuo kikuu huko Atlanta kwa kipaji chake. Inapobainika kuwa hasomi nota, anashushwa daraja. Je, asiyejua nota hajui ngoma? Mvulana wa Kibukusu hugonga chinyimba, kengele za chuma, akizunguka kuwaalika jamaa kwenye jando la Agosti, wala hana karatasi mbele yake. Isukuti nayo, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hurithishwa kwa sikio na mkono. Nidhamu ya bendi, hilo mpigangoma atalikubali: isukuti tatu zisiposikilizana, hata Kitale wachezaji husimama. Ajabu ni watafiti wetu wa fasihi simulizi, wanaonukuu maneno ya wimbo na kuiacha ngoma uwanjani.