Maiti Asiye na Jina ni wa Nani?



Juma lililopita, katika kikao cha halmashauri ya walei, tulileta mezani pendekezo dogo. Tuliomba parokia iwe na daftari la watu wanaozikwa katika eneo letu bila kutambuliwa, na vijana wachache waliozoea intaneti wajitolee kulinganisha habari za marehemu hao na matangazo ya watu waliopotea. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akatujibu kwa upole: "Baba, hiyo ni kazi ya polisi na ya jiji. Sisi tuwaombee tu." Wengi wakaitikia kwa vichwa, na ajenda ikafungwa. Tumelitafakari jibu hilo juma zima. Kwa heshima yote, tunaona kwamba ni jibu baya, na hatuwezi kulinyamazia.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kubariki kaburi la mwanamume aliyeokotwa kando ya barabara kuu iendayo Singida. Waliokuwapo walikuwa watu sita: wachimbaji wanne, dereva, nasi. Tulisali, tukanyunyiza maji ya baraka, tukaondoka. Hatukuuliza alivaa nini. Hatukuuliza kama alikuwa na kovu, wala hatukuweka alama yoyote juu ya tuta lile. Baada ya miezi kama saba akaja ofisini mama mmoja kutoka upande wa Kondoa, akiwa na picha ya mwanawe ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amekwisha kupita ofisi nyingi, na mahali pamoja aliambiwa arudi Jumatatu kwa majuma matatu mfululizo. Tulikwenda naye makaburini. Mvua ilikuwa imeshuka, na matuta yote yakawa sawa. Tulisimama pale karibu saa nzima tukionesha kwa kidole mara huku mara kule, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Baba, tuondoke." Huenda hakuwa mwanawe. Lakini sisi tuliomzika hatukuwa na neno hata moja la kumsaidia kujua ndiyo au siyo.

Kwa hiyo, anaposema mtu kwamba kuombea kunatosha, tunamkumbuka mama yule. Yeye hakuja kuomba Misa.

Nasi watu wa Dodoma tusijifanye wageni wa jambo hili. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima kuja huku kwetu ilirudi nyuma kwa kasi na kugonga treni ya mizigo karibu na Igandu. Watu 281 walipoteza maisha. Ndugu walifika kutoka pande nyingi za nchi wakitafuta wapendwa wao, na wale ambao hawakutambuliwa walizikwa pamoja katika makaburi ya Maili Mbili, hapa hapa mjini. Wengi wetu hupita karibu na makaburi hayo kila juma. Miaka kumi baadaye, Juni 2012, katika msitu wa Chitego wilayani Kongwa, zilikutwa maiti zaidi ya arobaini za wasafiri, wengi wao Waethiopia, waliokosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka kusini. Walitupwa porini, pamoja na wenzao waliokuwa bado hai. Tazameni jambo hili: waliojua majina ya marehemu wa Chitego walikuwa hao hao walionusurika, waliosafiri nao bega kwa bega. Katika msiba wa namna hiyo, siku ya kwanza ndiyo siku ya kuuliza na kuandika. Wakishatawanywa mahabusu na mipakani, majina huondoka nao. Huko kwao Ethiopia mama anaendelea kumngoja kijana aliyekwenda kutafuta kazi, na kijana yupo katika udongo wetu.

Tunaambiwa kwamba kazi hii inahitaji wataalamu. Ni kweli kwa sehemu. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina uwezo wa kupima vinasaba, na tangu 2009 ipo sheria inayosimamia jambo hilo. Lakini kinasaba hakisemi jina. Hufananisha tu maiti na ndugu. Ndugu asipokuwapo, maabara hukaa kimya. Jirani zetu wa Kenya wameonja uchungu huo huko Shakahola, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga chakula hadi kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao. Miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, tena ilikuwa michache, kwa kuwa wengi hawakuwa na ndugu aliyejitokeza kutoa sampuli. Palikosekana mtu wa kwenda kubisha hodi kijijini na kumwambia mzee fulani, "Binti yako aliyehama na watoto, njoo utoe sampuli." Kubisha hodi hakuhitaji shahada. Sisi tunazo jumuiya ndogo ndogo zinazoijua kila nyumba.

Na tena, watu wasio wataalamu wamekwisha kufanya makubwa. Mwaka 1968, karibu na Georgetown katika jimbo la Kentucky, Marekani, ilikutwa maiti ya mwanamke iliyofungwa katika turubai. Wataalamu walimdhania kuwa msichana wa umri chini ya miaka ishirini. Akazikwa, na juu ya kaburi lake likaandikwa jina la kubandikwa, "Tent Girl", yaani Msichana wa Hema. Todd Matthews, mfanyakazi wa kiwandani aliyemwoa binti wa yule aliyeikuta maiti, alishindwa kuisahau habari hiyo. Kwa miaka kumi hivi aliitafuta. Usiku mmoja mwaka 1998 alikuta kwenye intaneti tangazo la mwanamke aliyekuwa akimtafuta dada yake. Kaburi likafunguliwa, vinasaba vikapimwa, ikathibitika kwamba ni Barbara Ann Hackmann Taylor, mama mwenye umri wa miaka 24. Wataalamu walikuwa wamekosea umri wake, na kosa hilo peke yake lingetosha kuwapotezea njia wote waliokuwa wakimtafuta. Karibu zaidi na sisi, Januari 2022, watetezi wa haki za binadamu nchini Kenya walipotangaza habari za maiti zilizookotwa mto Yala, na ambazo wanakijiji walikuwa wakizitoa majini kwa muda mrefu, familia zilianza kumiminika mochwari, na baadhi ya marehemu wakapata majina yao. Maiti zile zilikuwa zimelala pale kabla ya hapo. Kilichobadilika ni kwamba mtu alisema.

Sasa tukubali upande wa pili, maana tumesikia manung'uniko yenye haki. Wapo wanaojiita wapelelezi ambao ni msiba mwingine juu ya msiba. Mwaka 2013, baada ya mabomu ya Boston, watu waliokaa mbele ya kompyuta zao walimtangaza mwanafunzi mmoja aliyepotea kuwa ndiye mhalifu. Familia yake, iliyokuwa ikimtafuta kwa machozi, ikatukanwa. Kijana hakuwa na hatia, na alikuwa amekwisha kufa. Na hapa kwetu, je? Ajali ikitokea, picha za maiti huwa zimezunguka katika simu kabla kuhani hajafika na mafuta matakatifu. Tumewahi kuona mjane akipata habari za mumewe kwa picha ya namna hiyo. Tunalikataa jambo hilo kabisa, na yeyote anayelifanya asije kutuambia kwamba anasaidia kutambua. Picha ya maiti ipelekwe polisi. Kinachofaa kutangazwa ni habari: umri wa kukadiria, nguo, kovu, pengo la jino, mahali na tarehe. Na anayedhani amepata jibu asimwambie jirani wala asiiambie familia; awaambie wenye mamlaka, kisha angoje uthibitisho.

Lipo na jambo la kisheria ambalo waamini wengi hawalijui. Kadiri ya Kanuni ya 1707 ya Sheria za Kanisa, mume au mke ambaye kifo cha mwenzake hakiwezi kuthibitishwa kwa hati halali hahesabiwi kuwa huru kufunga ndoa nyingine mpaka Askofu wa jimbo atamke kwamba kifo kinadhaniwa kimetokea. Na kutoonekana peke yake, hata kwa miaka mingi, hakutoshi. Wapo wanawake ambao hatuwezi kuwajibu kama ni wajane au ni wake wa watu. Hukaa benchi la nyuma, Komunyo hawapokei, na watu huwasema. Anayewaambia kwamba utambuzi wa maiti haulihusu Kanisa aje akae nasi ofisini siku wanapokuja.

Tobiti aliwazika wafu wa taifa lake huko Ninawi, akafilisiwa kwa ajili hiyo, na kuzika wafu tunakuhesabu hata leo kati ya matendo ya huruma ya kimwili. Rispa binti Aya alikaa juu ya mwamba akifukuza ndege na wanyama wasiguse maiti za wanawe, tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha, mpaka mfalme Daudi mwenyewe akaaibika na kuwazika kwa heshima. Hakuwa na cheo wala ofisi. Yosefu wa Arimataya naye alikwenda kwa Pilato akauomba mwili. Hakungoja Pilato atume mtu.

Kwa hiyo, tukiomba radhi kwa halmashauri yetu, daftari tumekwisha kulinunua kwa fedha yetu, nalo lipo ofisini kwa katibu. Pendekezo lenyewe tutalirudisha katika kikao kijacho, na yule mzee tumemwomba aketi karibu nasi. Ukurasa wa kwanza tumeuandika sisi: yule mwanamume wa barabara ya Singida, na machache tunayoyakumbuka. Jumamosi hii, baada ya Misa ya asubuhi, tutakwenda makaburini na wachimbaji wawili kati ya wale wanne, tujaribu tena kulitafuta tuta. Vijana watakaokuja wachukue majembe, rangi nyeupe na vibao. Simu zibaki nyumbani.