KIKOHOZI CHA KABWELA HAKIPIMWI, KINAUZIWA DAWA!

KIJANA wa Manzese akikohoa wiki nzima haendi hospitali. Anaingia duka la dawa. Muuzaji hamuulizi kikohozi kimeanza lini, wala kama usiku analowa jasho. Anamuuliza ana shilingi ngapi. Akiwa na ya vidonge vitatu, anapewa vitatu, na kesho yuko kwenye mkokoteni wake kama kawaida. Wiki ya tatu bado anakohoa, basi anabadilishiwa rangi ya vidonge. Hiyo ndiyo kliniki ya walalahoi wa nchi hii. Wakubwa wanaijua fika, na wamekaa kimya!

Msidhani ni shida ya Dar peke yake. Nendeni Ilula, mkoani Iringa, kule zinakotoka nyanya na vitunguu mnavyokula. Barabara kuu ya kwenda Zambia imepita katikati ya mji ule, malori yanasimama, matenga yanapakiwa, utingo analala juu ya mzigo hadi soko la Ilala. Kijana anayepakia kule na kijana anayepakua huku wana kifua kimoja, na kikohozi kinasafiri nao bila nauli. Hospitali iliyopo pale Ilula ni ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Iringa. Kanisa limefanya lake. Serikali inayokusanya ushuru wa kila tenga nayo ina la kujibu.

Hebu tuulizane. Kijana wa Ilula akibanwa kifua, anaumwa nini? Inaweza kuwa mafua tu ya baridi ya Juni, ambayo hayahitaji antibayotiki hata moja. Inaweza kuwa nimonia, inayozihitaji, tena upesi. Inaweza kuwa pumu, na huyo anahitaji dawa ya kuvuta. Inaweza kuwa TB. Na inaweza kuwa sumu ya bomba alilobeba mgongoni akipulizia nyanya bila kinga puani wala mdomoni. Baadhi ya dawa zile za wadudu hubana kifua, hujaza makohozi na kutoa mate na jasho jingi, na dawa ya kikohozi haina kazi hapo. Kwa hiyo tabibu asiyemuuliza mkulima jana alipulizia nini, hajampima. Magonjwa matano, na duka lina jibu moja!

TB ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wanaume, kwa sababu inatukamata kuliko wanawake, na sisi ndio wa mwisho kwenda kupimwa. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku, suruali inayoanza kupwaya: hapo toa makohozi yapimwe. Ipo mashine inaitwa GeneXpert, Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, na Mbeya ni miongoni mwa mahali ilikofanyiwa majaribio. Inatoa jibu kwa muda usiofika saa mbili, tena inakwambia kama vijidudu vyako vimeshakuwa sugu kwa rifampisini. Lakini ukiwa umeshameza sipro za mtaani, TB inaweza kutulia siku chache, ukajiona umepona, kumbe inakula mapafu na unawagawia wenzako chumbani.

Sasa sikieni linalotia uchungu. Tiba ya TB ambayo dunia inajivunia ilikomazwa hapa hapa kwetu! Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na Daktari Karel Styblo akafanya kazi na wauguzi wetu wa wilayani: pima makohozi, mpe mgonjwa dawa akimeza unamwona, andika kwenye daftari, mfuate akitoroka. Hakuna miujiza. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza TB kuwa janga la dunia, utaratibu uliosambazwa baadaye nchi nyingi ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Tanzania. Na mwaka huohuo wa 1993 serikali yetu ilifanya nini? Ilianza kuwatoza wananchi hospitalini, ikakuita huko "kuchangia".

Watatuambia dawa za TB ni bure. Ni kweli, na ziendelee kuwa bure miezi yote sita. Lakini kabla hujajulikana kwamba una TB, wewe ni mtu anayekohoa tu. Nauli ni yako, kadi ni yako, picha ya kifua ni yako, na kibarua cha siku ile kimepotea. Wangapi wanaishia njiani na kurudi kwa muuza vidonge vitatu?

Na hizo za bure, nani alikuwa analipa? Januari 2025 Rais Trump wa Marekani alisaini karatasi ya kusimamisha misaada, na miradi ya kupambana na TB ikatikisika Afrika nzima, kwetu pia. Mapafu ya Mtanzania yanaendeshwa kwa kalamu ya mtu aliyeko Washington! Mwaka 2001 wakuu wa Afrika waliahidi kule Abuja kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya. Sisi hatujakaa kwenye kiwango hicho. Mashangingi lakini hayajawahi kukosa fungu.

Wenye watoto nao wasikie. Nimonia ya mtoto inaanza kutambuliwa kwa saa ya mkononi. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, ni 50. Mwaka hadi mitano, ni 40. Mbavu zikiingia ndani anapovuta, au akishindwa kunyonya, beba uende, usingoje asubuhi. Sera ya afya ya 2007 inasema aliye chini ya miaka mitano hatozwi. Mama anapoambiwa "dawa hakuna, kanunue nje", sera hiyo imekwenda wapi?

Wenye pumu ndio waliosahaulika kabisa. Wanapewa vidonge vya salbutamol mwaka hadi mwaka, wakati dawa inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa ni ile ya kuvuta yenye steroidi. Tangu 2019 wataalamu wa pumu duniani wanasema kumwachia mtu salbutamol peke yake si tiba salama. Mkubwa akibanwa, dawa hiyo inapatikana. Novemba 2014 Rais Kikwete alifanyiwa upasuaji Johns Hopkins, Marekani, akarudi mzima, na hatumwonei wivu kwa kupona. Tunauliza tu basi la kwenda Baltimore linapita Ilula saa ngapi.

Diwani wenu akiitisha mkutano, acheni kumuuliza habari za jezi na mpira. Mwulizeni mashine ya kupimia makohozi iliyo karibu na kata yenu iko wapi, mwezi uliopita ilifanya kazi siku ngapi, ikiharibika nani anaitengeneza, na vifaa vya kupimia vimebaki vingapi. Mwulizeni mtungi wa oksijeni uko kituo gani, na una gesi au ni pambo. Akianza kuimba nyimbo za chama, mwacheni amalize, halafu mwulizeni tena.