Kibao cha Hatari Kiseme na Kila Mtu



Katika karakana moja, ambayo hatutaitaja hapa, fundi alishuka chini ya mashine kuitengeneza. Kabla ya kushuka alizima swichi akatundika kibao cha kukataza mtu asiwashe. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, na chini yake ya Kichina. Zamu ya usiku ikaingia. Kibarua mmoja, mtu wa Burundi, akakisukuma kibao kando akawasha. Fundi yule alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume. Mabwana wakafanya baraza, wakaandika kuwa kosa ni uzembe wa kibarua, wakamwachisha kazi.

Sisi hatukubali. Kibarua yule si mjinga. Anasoma Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha baadhi yetu. Kibaoni hapakuwa na hata neno moja la lugha hizo. Basi uzembe ni wa nani?

Watu wa reli ndio tungepaswa kulijua jambo hili kwanza. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na Wahindi zaidi ya 30,000, pamoja na Waafrika wa makabila mengi. Ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na Wakenya na Wachina. Bendera nyekundu haikumwuliza mtu kabila lake.

Ziko alama za dunia nzima. Duara jekundu lenye mstari wa mshazari ni marufuku. Duara la buluu ni amri, kama kuvaa kofia ngumu. Pembetatu ya manjano ni onyo, na kijani ni njia ya kuokoka. Ni nzuri, lakini rangi nazo hufundishwa. Mraba mwekundu wenye picha ya mtungi maana yake ni kwamba mtungi wa kuzima moto uko hapa. Mtu wa reli, ambaye nyekundu kwake ni simama, anaweza kudhani amekatazwa kuugusa, na huku moto unawaka.

Mwaka 1963 ulichapishwa uchunguzi huko Afrika Kusini juu ya picha za usalama viwandani, ikaonekana kwamba wafanyakazi wengi hawakuzielewa kama wachoraji walivyokusudia. Marekani wana kanuni ya kujaribu picha kwa watu kwanza: 85 katika kila 100 waijue maana yake, na wasizidi 5 watakaoielewa kinyume. Hao 5 ndio wa kuogopwa. Asiyeelewa kabisa huenda akauliza. Aliyeelewa kinyume huenda moja kwa moja akawasha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi habari na mafundisho, na penye watu 20 au zaidi iwepo halmashauri ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi. Basi kila kibao kipelekwe kwa halmashauri hiyo kabla ya kupigiliwa misumari. Aitwe mfagiaji, aitwe shanta, Mchina na Mrundi, mmoja mmoja, wasipate kunong'onezana. Asiulizwe anaona nini, maana atajibu kwamba anaona mkono. Aulizwe: ukikuta kibao hiki utafanya nini? Picha iwe moja kwa jambo moja, na maneno ya Kiswahili yawe juu, si chini kabisa kwa herufi za sisimizi.

Tena kibao peke yake hakitoshi. Swichi ya mashine inayotengenezwa ipigwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi aliye chini. Kufuli haihitaji mkalimani. Tulipolitaja jambo hili tuliambiwa kwamba gharama ni kubwa. Bei ya kufuli kila mmoja wetu anaijua.

Makatibu wa matawi watuletee orodha ya vibao visivyoeleweka, pamoja na mahali vilipo, kabla ya mkutano wetu na mabwana. Kibarua yule bado yuko nyumbani bila kazi. Jambo lake litakuwa la kwanza katika mkutano huo.