Minyoo Tumboni, Kiti Kitupu Darasani

Huko Busia, magharibi ya Kenya, mwaka wa 1998 ilianzishwa kazi moja ambayo yafaa kila mzazi na mwalimu aijue. Shule za msingi 75, zenye watoto zaidi ya 30,000, ziligawanywa katika mafungu matatu, ili watoto wapewe dawa ya minyoo fungu moja baada ya jingine. Mabwana Michael Kremer na Edward Miguel, walioichunguza kazi hiyo, hawakuhesabu vidonge tu, bali walihesabu na viti vitupu darasani. Habari zao zilipotolewa mwaka wa 2004 zilionyesha ya kuwa watoto kukosa shule kulipungua kwa robo moja. Hata hivyo alama za mitihani hazikupanda. Dawa humrudisha mtoto darasani. Kumfundisha ni kazi ya mwalimu.

Minyoo ya safura huingia mwilini kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu, ikafika matumboni na kunyonya damu. Chango huingia kwa kinywa, maana mayai yake huwa katika udongo, mikono michafu na matunda yasiyooshwa. Kichocho hupatikana kwa kuoga au kuvua katika maji yenye konokono wa ugonjwa huo. Mtoto mwenye mzigo huu hupungukiwa na damu na kuchoka upesi, na wakubwa humdhania mvivu.

Lakini liko fundisho jingine. Mwaka wa 2001 wazazi wa baadhi ya shule hizo walitakiwa walipe sehemu ndogo ya gharama. Dawa ilipotolewa bure, watoto kama watatu katika kila wanne waliimeza. Ilipotakiwa fedha, hawakufika hata mmoja katika kila watano. Wazazi hao hawakosi upendo. Homa humwamsha mama usiku, bali minyoo hula kimya kimya. Kwa hiyo senti chache zilizopo hutangulia kununua chumvi na mafuta ya taa.

Tangu mwaka wa 2009 Serikali ya Kenya imepata kugawa dawa hizo shuleni bila malipo. Albendazoli ni kidonge kimoja tu. Dawa ya kichocho yafaa imezwe baada ya kula. Mtoto akiona kichefuchefu kidogo au tumbo likimsokota, kwa kawaida hali hiyo hupita upesi, wala si dalili ya sumu kama wengine wanenavyo.

Tena ifahamike ya kuwa dawa huiua minyoo iliyomo, wala haiizuii mingine kuingia. Kidonge bila choo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Basi kila mji na uchimbe choo chake na kukitumia, watoto wavae viatu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Na siku ya dawa itangazwapo, asiwepo mtoto wa kubaki nyumbani.