DENI LA KIFUNGU CHA 48: OFISI YA MAKAO ILIJENGEA NANI?

Ninyi wachimbaji wa Banalia na Bafwasende, ninyi wafanyakazi na wachuuzi wa Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga, sikilizeni.

Sharia kubwa ya nchi yetu, Katiba ya mwaka 2006, ina kifungu cha 48. Kinasema kwamba haki ya kuwa na makao yenye heshima, haki ya kupata maji safi na haki ya kupata umeme, zote zimehakikishwa. Maneno hayo hatukuyatunga sisi. Wakubwa waliyaandika, raia wakayapigia kura Desemba 2005, na mwaka uliofuata yakatangazwa kuwa sharia. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tunaomba sadaka. Tunadai deni.

Sasa twende Bengamisa tukaone deni hilo limelipwa namna gani. Toka Kisangani shika njia ya Buta, vuka mto Tshopo, vuka na Lindi, na baada ya kilomita 50 hivi umefika. Bengamisa si kijiji cha watu wavivu. Mihogo, mchele, ndizi, mawese na makaa ya kando ya njia hiyo ndiyo inayopika chungu cha Kisangani kila siku. Iko pale hata shule kubwa ya ukulima, ambayo jina lake linajulikana Tshopo nzima. Na ukiendelea mbele, ndani ya teritware ya Banalia, watu wanachimba almasi na dhahabu. Mali ya nchi inapita mbele ya mlango, lakini tazama mlango wenyewe na ukuta unaoushika. Ni miti, ni fito, ni potopoto. Mvua ikipiga, udongo unashuka. Jua likitoka, mama anachukua maji na udongo, anakandika tena. Juu ni majani ambayo baada ya miaka michache yanaoza, na baba anarudi porini kukata mengine. Kazi hiyo hana mwisho nayo. Watoto wake wataifanya vilevile.

Na mchimbaji je? Huko shimoni nyumba yake ni turubai juu ya miti minne. Anatoa jiwe litakalovaliwa kidoleni katika miji ya Ulaya, naye analala chini ya plastiki.

Wako watu watakaosema: "Hiyo ni desturi yao, watu wa kijiji wanapenda nyumba za udongo." Uongo mtupu. Mwulize baba yeyote wa Bengamisa akitaja kitu cha kwanza atakachonunua siku akipata fedha, atakuambia manjanja. Matofali anajua kuyachoma mwenyewe. Udongo mwekundu uko, kuni ziko, mikono iko. Kinachomshinda ni manjanja, misumari na simenti. Mfuko wa simenti ama umepanda mto mzima toka Kongo ya chini kwa chombo, ama umetoka Uganda kwa lori katika njia za tope. Ukifika Kisangani bei yake imekwisha kupanda. Ukitoka Kisangani mpaka Bengamisa kwa pikipiki au juu ya toleka, inapanda tena. Basi mkulima anauza muhogo kwa bei ya kijijini na kununua simenti kwa bei ya safari zote hizo.

Ndipo tunauliza: ofisi ya serikali ya makao ni kwa ajili ya nini, kama si kwa ajili ya mtu huyo?

Tusidanganyane kwamba jambo hili ni jipya, wala kwamba serikali haijui namna ya kujenga. Bula Matari alijua. Mwaka 1952, katika mpango wake wa miaka 10, aliunda Ofisi ya Site za Waafrika, ile OCA ambayo wazee bado wanaitaja. OCA ilijenga Léopoldville, Élisabethville, Bukavu, Stanleyville na hata Usumbura. Bandalungwa na Matete ni kazi yake. Ruashi ya Élisabethville ni kazi yake. Ngagara ya Usumbura ni kazi yake. Katika miaka 8 nyumba zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu, zenye kuta ngumu, barabara zilizonyoshwa na mabomba ya maji. Wengine wetu tunalala ndani ya nyumba hizo mpaka leo. Hatuoni haya kusema ukweli huo.

Lakini tuseme na ukweli wa pili. Nyumba zile zilijengwa kwa sababu kampuni na ofisi za wazungu zilihitaji mikono karibu. Mwafrika aliwekwa upande wake wa mji, mzungu upande wake, na katikati nafasi tupu ili wasikaribiane. Mtu wa site alikuwa na saa ya kurudi nyumbani usiku kama mtoto. Mpaka mwaka 1953 ndipo amri ilipotoka ya kumruhusu Mwafrika awe mwenye kiwanja kwa jina lake mwenyewe, miaka zaidi ya 60 baada ya bendera ya Mfalme Léopold kupandishwa katika nchi ya babu zake!

Na Bengamisa? OCA haikuwa na kazi na Bengamisa. Vijiji vilipewa mfuko mwingine, Mfuko wa Heri ya Wenyeji, ulioundwa mwaka 1947. Ulichimba visima, ulijenga zahanati na mashule. Ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilikuwa fedha ambayo Kongo ililipa kwa ajili ya Ubelgiji wakati wa vita ya Hitler, na Ubelgiji ikairudisha. Fedha ya raba, ya shaba, ya dhahabu na ya mgongo wa babu zetu ilirudi ikiitwa zawadi, nasi tukaambiwa tupige makofi.

Uhuru ukaja mwaka 1960. Mwaka 1965 OCA ikageuzwa kuwa Ofisi ya Taifa ya Makao. Mwaka 1971 likaongezwa Sanduku la Taifa la Akiba na Mikopo ya Nyumba, ili mfanyakazi aweke kidogo kidogo na siku moja ajenge. Majina mazuri! Lakini ofisi ilififia, na sanduku lilikutana na ile miaka ya 1990 ambapo fedha ya zaire iliyeyuka mkononi kama barafu. Mtu aliyeweka akiba ya nyumba alitoka na bei ya mkate. Mkoloni alijenga bila kutuuliza. Wakubwa wetu wenyewe walituuliza katika mikutano mingi, kisha hawakujenga.

Hata wachimbaji wa kampuni, ambao watu wa mjini waliwaonea wivu, walijengewa kwa kamba shingoni. Tangu sharia ya kazi ya mwaka 1922 mwajiri alilazimika kumpa mfanyakazi mahali pa kulala. Union Minière na Kilo-Moto zilijenga kambi. Nyumba ilikuwa ya mwajiri: kazi ikiisha, ufunguo unarudishwa. Tuliona tena mwaka 2003, Gécamines ilipoachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Mtu wa miaka 30 kazini alijua siku hiyo kwamba mshahara, hospitali na shule ya watoto vilikuwa kamba moja, na kamba hiyo imekatwa. Kambi haiwezi kuwa makao ya mtu huru. Makao ni pale ambapo hakuna msimamizi wa kukuambia utoke.

Sasa tutazame ya siku hizi. Mwaka 2022 Kinshasa ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya teritware 145, kwa hesabu ya dola zaidi ya milioni 1,600. Mashule zaidi ya elfu moja, vituo vya afya vya mamia, na kwa kila teritware jengo la utawala. Sisi hatukatai. Shule ni shule. Mama anayejifungua hawezi kungoja siasa. Lakini angalieni ni nani aliyekumbukwa paa lake: mwalimu darasani, mganga kituoni, mtawala ofisini. Raia mwenyewe, anapotoka shule, kituo na ofisi, anarudi kulala wapi? Mpango wa kukuza mahali ambao hauoni nyumba za watu wa mahali ni mpango wenye jicho moja. Tena kazi ilikabidhiwa mashirika matatu ya kusimamia, na mkulima wa Bengamisa hana hata dirisha moja la kuuliza kazi imefika wapi.

Wanasema: "Serikali haina fedha ya kumjengea kila mtu." Ni nani aliyeomba kujengewa? Hapo ndipo mabwana hawa wanapotugeuzia maneno. Hatutaki ofisi ya makao iwe kontrakta, kwa maana tunajua mwisho wake: villa 20 pembeni ya mji, ufunguo kwa jamaa za waziri, na picha katika televisheni. Sisi tunataka ofisi ikopeshe paa.

Na kazi hiyo imekwisha kufanyika katika nchi hii. Baada ya vita ya Hitler, huko Élisabethville, Mfuko wa Mikopo ulimpa Mwafrika vifaa kwa mafungu: anapandisha kuta kwa mikono yake na ya ndugu zake, anapokea milango na madirisha, anapokea manjanja, kisha analipa kidogo kidogo kila mwezi. Katuba ilikua namna hiyo. Ofisi ya leo ingenunua manjanja na simenti kwa wingi, ingezileta kwa bei moja mpaka Bengamisa, mpaka Banalia, na kumpa mtu aliyekwisha kuchoma matofali yake. Gharama ya villa moja ya mkubwa ingefunika nyumba nyingi za njia ya Buta.

"Hawatalipa," wanasema tena. Nani? Mama wa soko anayelipa likelemba yake kila juma bila karatasi, bila hakimu, bila polisi? Mbona tunayajua madeni yasiyolipwa ya nchi hii, nayo si ya akina mama wa mihogo.

Lipo jambo la ardhi, na hapo wachimbaji mnajua uchungu. Sharia ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali. Kwa ardhi ambayo wenyeji wanakaa na kulima kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kueleza haki zao. Miaka 10 ikapita, 20, 30, 40, amri haikutoka. Kwa hiyo mtu wa Bengamisa alikaa juu ya kaburi la babu yake bila cheti, na asiye na cheti hana mkopo, wala hana la kumjibu mwenye karatasi ya Kinshasa anayekuja na wapimaji. Ofisi ya makao inayojenga bila kumpa mtu cheti cha kiwanja inajenga juu ya maji.

Na fedha ya mahali iko wapi? Sharia ya machimbo iliyorekebishwa mwaka 2018 inaligawa lile malipo ambalo kampuni zinatoa juu ya madini: sehemu 50 kwa 100 zinakwenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa komini, sekta au sheferi ambamo mali inachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kampuni inatoa sehemu 3 kwa kila 1,000 za mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Na tangu mwaka 2008 sekta na sheferi ni watu mbele ya sharia. Zina haki ya kuwa na sanduku lao. Je, mmeona hesabu ya sanduku hilo imebandikwa ukutani? Wachimbaji wa mikono ndio wanaoonewa zaidi, kwa maana malipo hayo yanatoka kwa wenye vibali vya kampuni. Jiwe lililochimbwa kwa sururu linapita kwa mnunuzi na kwenda zake, na sekta haibaki na kitu ila mashimo yenye maji na mbu. Wanaotunga sharia wakumbuke jambo hilo kabla ya kutuita wezi wa mali ya taifa.

Tutajisema na sisi wenyewe. Ninyi wa mjini mliorithi nyumba za wazee, mnapopangisha chumba kimoja kwa kijana wa kijijini na kumdai miezi 6 ya kwanza mkononi, msitukane OCA. Na ninyi wachimbaji, almasi ikitoka, bia ya watu 30 inalipwa usiku mmoja na asubuhi turubai lile lile linavuja. Hatusemi haya ili kuwapa wakubwa udhuru. Udhuru hawana.

Basi siku ya soko, kabla ya kupakia mihogo, tupite pamoja kwa wakubwa wa mahali, Bengamisa na Banalia, kwa adabu, bila fimbo. Tuulize mambo mawili tu: fedha ya 15 kwa 100 iliingia kiasi gani mwaka uliopita, na ni nani anayepokea maombi ya mikopo ya paa. Waandike jibu na kuweka muhuri. Likija, tutalichapa katika gazeti hili. Lisipokuja, tutachapa tarehe tuliyouliza na idadi ya watu waliosimama mlangoni.