Mwamba Hakuwa Peke Yake Kwenye Boti

Kuna Mfaransa mmoja wa Formula 1, kila stori yake ikipostiwa komenti ni zilezile: mwamba, hakuogopa kifo. Sawa. Mwaka 1982 alikuwa anaongoza kwa pointi, akapata ajali kwenye mazoezi kule Ujerumani, mvua inanyesha, miguu ikavunjika vibaya. Formula 1 hakurudi tena. Wengine wangetulia. Yeye akahamia mbio za boti.

Hapo ndipo sifa zinapozidi kipimo. Gari lile lina kiti kimoja, ukikosea mara nyingi unaumia mwenyewe. Boti ilibeba watu watatu. Agosti 1987, karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza, walipita kwenye mawimbi ya meli ya mafuta bila kupunguza mwendo, boti ikapinduka. Wote watatu wakafa. Mmoja wa wale wawili alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka huohuo alikuwa ameshinda Paris-Dakar akiwa msoma ramani. Nani anampostia huyo?

Eti walipanda wenyewe, watu wazima. Ni kweli. Ila ukimwita mmoja shujaa na wenzake huwataji hata kidogo, hiyo siyo heshima, hiyo ni ushabiki tu.

Na nyumbani alikuwa ameacha mpenzi mjamzito. Wakazaliwa mapacha, wavulana. Mmoja akapewa jina la baba. Mwingine akapewa la yule Mkanada wa timu yao, aliyegombana na baba na kufa 1982 kabla hawajapatana.