Samaki Mkunje Angali Mbichi: Tusimfiche Mtoto Asiye na Jicho

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa Turkana methali hii twaijua kwa mikono yetu. Samaki aliyekaushwa juani kule Kalokol, ukijaribu kumkunja atakatika. Leo nataka tuitazame methali hiyo usoni mwa mtoto mchanga.

Kuna watoto wanaozaliwa bila jicho, au jicho likiwa dogo mno. Wengine hutolewa jicho wangali wachanga kwa sababu ya saratani, ile ambayo dalili yake huwa weupe unaong'aa katika mboni. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba mfupa unaozunguka jicho hukua kwa kusukumwa na jicho lenyewe. Pasipo jicho, tundu hubaki dogo, kope hubaki fupi, na upande huo wa uso huachwa nyuma. Sehemu kubwa ya ukuaji huo hutokea katika miaka mitano ya kwanza. Mzazi akingoja mtoto afike sekondari, samaki amekwisha kukauka!

Je, madaktari hufanyaje? Njia ya zamani ni kuweka tunduni kipande laini cha plastiki, na kukibadilisha kwa kikubwa zaidi kila baada ya muda, kama mtoto anavyobadilishiwa viatu. Njia nyingine ni kuingiza kipanuzi kwa upasuaji. Kuna kipanuzi mfano wa puto, ambacho hujazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano. Kuna pia cha haidrojeli, kilichoanza kutumiwa Ujerumani miaka ya 1990. Hiki huingizwa kikiwa kikavu na kidogo, kisha hufyonza maji ya mwili na kuvimba chenyewe kama maharagwe yaliyolowekwa. Tundu likipanuka, jicho la bandia hukaa vizuri bila kuanguka.

Wapo watakaosema, "Si hata hivyo haoni? Pesa za nini, na trakoma inatumaliza?" Ni kweli, kipanuzi hakirudishi kuona, na trakoma imewapofusha wazee wetu wengi. Lakini jamani, kutibu hili hakuzuii kutibu lile. Mtoto anayeitwa "chongo" tangu nasari huketi nyuma ya darasa, hufunika uso kwa mkono, na mwishowe huenda akaacha shule. Hapo amepoteza jicho na elimu pia.

Kwa maoni yangu, adui yetu mkubwa ni umbali. Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na Lodwar hadi Nairobi ni karibu 700. Mama mwenye mbuzi wachache atasafiri mara ngapi kubadilishiwa kipande cha plastiki? Kipanuzi kinachovimba chenyewe kingetufaa sisi wa mbali kuliko hata watu wa Nairobi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wauguzi na wakunga wa Lodwar, Kakuma na kambini wayakague macho ya kila mtoto anapozaliwa. Pili, kaunti iwalete Lodwar mara kwa mara mabingwa wa macho na watengenezaji wa macho ya bandia. Tatu, sisi wanafunzi tukome kubandikana majina ya kejeli, na tukijua boma lenye mtoto aliyefichwa, tumweleze mzazi kwa heshima kwamba si laana, na kwamba siku zinakwenda.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuseme mapema.